Kompyuta Ijiamshe Kabla ya Foleni Kufika

Haya ni mazungumzo ya fundi wa kompyuta mbele ya walimu, makarani, wasimamizi wa vituo vya kompyuta na wenye saiba mjini Gilgil. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali ya wananchi.

Nimepewa nusu saa na nitajitahidi nisizidishe, maana najua gari za kurudi Eburu hazimsubiri mtu.

Leo nazungumza kuhusu saa. Si ya ukutani, ni ile ndogo iliyo ndani ya kila kompyuta, ambayo huendelea kuhesabu hata mashine ikiwa imezimwa, na ambayo inaweza kuagizwa kuiwasha mashine hiyo kwa wakati unaoutaka wewe. Wengi wenu mnayo na mmekuwa nayo miaka yote. Hamjawahi kuituma kazi.

Mnajua asubuhi zetu zilivyo. Ofisi inafunguliwa saa mbili. Karani amefika saa mbili kasorobo, anabonyeza kitufe cha kompyuta moja baada ya nyingine. Ya kwanza inawaka vizuri. Ya pili inaandika kwamba inaweka masasisho na isizimwe. Ya tatu imefunguka lakini inakokota miguu, kwa sababu programu ya kuzuia virusi imeamua kwamba sasa ndio wakati wa kukagua kila faili. Nje kuna mzee aliyepanda gari alfajiri ili asaidiwe kuingia eCitizen. Kuna kijana ambaye maombi yake ya chuo yanafungwa usiku huo. Ikifika tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za ushuru kwa KRA, foleni hiyo inazunguka jengo. Mtu wa kwanza anahudumiwa saa tatu. Saa nzima imepotea, na hakuna aliyekuwa mvivu.

Nimeona watu wakitumia njia mbili kuikwepa hali hiyo. Ya kwanza ni kuacha mashine zikiwaka usiku kucha. Tupige hesabu hapa hapa. Chukulia kompyuta ya mezani na skrini yake zinakula wati 60 zikiwa zimekaa tu bila kazi. Mashine kumi ni wati 600. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili asubuhi ni saa 15. Wati 600 mara saa 15 ni uniti 9, zile uniti unazoziona kwenye risiti ya tokeni. Kwa usiku 22 za kazi katika mwezi, ni uniti 198. Zitazame kwenye risiti yako kwa bei unayolipa wewe, halafu uniambie kama ungezinunua kwa hiari yako ili zikae kwenye chumba kilichofungwa.

Njia ya pili ni kumtuma mtu aje saa kumi na mbili alfajiri kuwasha. Mara nyingi mtu huyo ni binti wa mapokezi au kijana wa mafunzo, anatembea barabarani giza halijaisha, na hiyo asubuhi hailipwi. Kwangu mimi njia hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Uniti zinanunuliwa tena.

Kuna njia ya tatu, na haihitaji kununua kitu. Lakini ili usiishie kuilaumu, kwanza uelewe inavyofanya kazi.

Ndani ya kompyuta kuna saa mbili. Moja ni ya programu, ile mnayoiona pembeni mwa skrini. Hiyo hupotea mashine ikizimwa. Ya pili ni kifaa chenyewe kwenye bodi kuu, na kina betri yake ya duara, bapa kama sarafu, yenye volti 3. Imeandikwa CR2032. Saa hii ina kijiwe cha kwatzi, jiwe lile lile la saa za mkononi zilizoandikwa Quartz usoni. Kijiwe hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa: ukiigawa kwa 2, na tena kwa 2, ukifanya hivyo mara 15 unabaki na 1 kamili, na kugawa kwa 2 ndiyo kazi nyepesi kuliko zote kwa saketi ya elektroniki. Mitetemo inageuka kuwa sekunde, na sekunde zinageuka kuwa tarehe.

Kompyuta ya kwanza ya IBM ya mwaka 1981 haikuwa na saa ya aina hii. Kila ulipoiwasha ilikuuliza leo ni tarehe ngapi na sasa ni saa ngapi, kama mgonjwa aliyetoka kwenye usingizi wa dawa. Mwaka 1984 IBM ikatoa modeli iliyoitwa AT, yenye chipu ya Motorola namba MC146818 na betri ya kuilisha. Chipu hiyo ilikuja na alamu ndani yake: unaiandikia saa, dakika na sekunde, na wakati huo ukifika inatoa ishara. Mashine za leo bado zina mzao wa chipu hiyo.

Kuwasha mashine iliyozimwa kabisa kulikuja baadaye, katikati ya miaka ya 1990, zilipoingia mashine za aina ya ATX. Kabla ya hapo kitufe cha kuwasha kilikuwa swichi kweli kweli: kinakata umeme. Tangu ATX, kitufe kimekuwa ombi tu. Boksi la umeme lililo ndani ya mashine, ambalo mafundi tunaliita pawasaplai, hubaki likitoa volti 5 kidogo kidogo muda wote, hata skrini ikiwa nyeusi na feni zimenyamaza. Volti hizo ni za kukesha. Zinamlisha mlinzi anayesubiri kuona kama kitufe kitabonyezwa, au kama saa ya kwatzi italia.

Na hapa ndipo watu wengi wa Gilgil, Nakuru na kote nchini wanapokwama. Sisi tumelelewa kuzima swichi ya ukutani. Mama zetu walitufundisha hivyo, na walikuwa na sababu: radi, nyaya mbovu, bili. Lakini ukizima soketi au ekstensheni, zile volti 5 zinakatika. Saa itaendelea kuhesabu kwa betri yake ndogo, alamu italia ndani ya chipu kwa wakati wake, na hakutakuwa na umeme wa kuiamsha mashine. Ni sawa na soja anayepiga kengele kwenye boma lisilo na watu. Dell wameliandika onyo hili kwenye skrini ya mipangilio ya mashine zao, lakini nani husoma pale?

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na ndiyo itakayowasumbua zaidi kwa sababu ni ya mazoea: jioni zima kompyuta kwa programu, usiguse swichi ya ukutani. Skrini unaweza kuzima. Printa unaweza kuzima, na ni vizuri uzime. Kompyuta yenyewe iache imechomekwa. Inakula kiasi gani ikiwa hivyo? Tuchukulie wati 2. Mashine kumi kwa saa 13 na nusu ni kama robo ya uniti. Zikijiwasha saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kukaa saa moja na nusu zikijiandaa, ongeza uniti 0.9. Jumla ni kama uniti 1.2 badala ya 9. Na ile betri ya sarafu pia inakaa muda mrefu zaidi, kwa sababu mashine iliyochomekwa huilisha saa yake kwa umeme wa ukutani, haili betri.

Radi je? Swali la haki, hasa mvua za Aprili zikianza kupiga huku juu. Jioni ambayo mawingu yamekaa vibaya, chomoa kila kitu na ukubali kwamba kesho utawasha kwa mkono. Alamu inaokoa asubuhi nyingi; haistahili kuunguza mashine hata moja.

Mmesikia hiyo feni? Msishtuke. Hiyo mashine iliyo kwenye meza ya kando niliizima kabla hamjaingia, na hakuna aliyeigusa. Niliiagiza iamke saa nne na dakika ishirini. Tazameni saa zenu. Imechelewa kidogo, labda sekunde kadhaa, na hilo ni la kawaida: kwatzi ya bei rahisi inaweza kupotea sekunde moja au mbili kwa siku, yaani kama dakika moja kwa mwezi. Mashine iliyo kwenye mtandao hujirekebisha yenyewe.

Sasa tuje kwenye saa zetu za Kiswahili, maana hapa pana mtego ambao vitabu vya wenzetu wa ng'ambo haviutaji.

Mimi nikikwambia, mwalimu, weka alamu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wewe unajua ninachosema. Kompyuta haijui. Ukiandika 12:30 itaamka saa sita na nusu mchana, watu wakienda kula. Ulipaswa kuandika 06:30. Tofauti ni saa 6, na sote tumeizoea tunaposoma saa ya mkononi, kwa hiyo wengi mtaivuka bila shida. Ya pili ndiyo kali.

Kenya iko saa 3 mbele ya saa ya dunia, ile inayoitwa UTC, na hatusogezi saa zetu mbele na nyuma kwa majira kama wanavyofanya Ulaya. Mashine ya Windows huiandikia chipu yake saa ya hapa nyumbani. Mashine ya Linux, na shule kadhaa sasa zinaitumia kwa sababu haina leseni ya kulipia, kwa kawaida huiandikia chipu saa ya dunia, kisha inaongeza 3 inapokuonyesha kwenye skrini. Wewe hujui, kwa sababu pembeni mwa skrini unaona saa sahihi. Lakini ukienda kuweka alamu kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, unazungumza na chipu moja kwa moja. Unaiandikia 06:30, nayo inaamka ikifika 06:30 yake, ambayo kwetu ni 09:30, saa tatu na nusu asubuhi. Nilikutana na kituo kimoja ambacho kiliishi na jambo hili karibu muhula mzima. Walikuwa wameamini kwamba kompyuta zile ni za zamani na zimechoka. Hazikuwa zimechoka, zilikuwa zinatii.

Dawa ni rahisi. Kabla hujaweka alamu, tazama saa inayoonyeshwa kwenye ukurasa ule ule wa mipangilio. Ikiwa inalingana na ya mkononi mwako, andika saa za hapa. Ikiwa iko nyuma kwa saa 3, usiirekebishe. Iache, na wewe uandike alamu yako ukiwa umetoa 3: kwa 06:30 andika 03:30. Na ukitaka mashine iamke saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, kumbuka kwamba 02:00 yetu ya Jumanne ni 23:00 ya Jumatatu kwenye chipu. Siku nayo inarudi nyuma.

Mipangilio hiyo inapatikana vipi? Unapowasha mashine, kabla Windows haijaanza, bonyeza F2 au Delete mara kadhaa. HP nyingi hutaka F10. Utaingia kwenye kurasa ambazo mafundi huziita BIOS. Majina yanatofautiana kwa watengenezaji. Kwenye Dell tafuta «Auto On Time». Kwenye HP za ofisini kuna «BIOS Power-On», na unachagua siku za juma, jambo zuri sana kwa ofisi isiyofanya kazi Jumapili. Kwenye Lenovo ni «Wake Up on Alarm». Bodi nyingine husema «Resume by RTC Alarm», na hapo RTC ndiyo hiyo saa ya kwatzi. Andika muda, hifadhi, toka.

Mashine nyingi tulizo nazo hapa zilitumika kwanza Ulaya, na baadhi yake zina kipengele kinachoitwa ErP, kilichotokana na kanuni za huko za kubana umeme. Kikiwa kimewashwa, pawasaplai inabana hata ule umeme mdogo wa kukesha, na kwenye bodi nyingi alamu haiwezi kuamsha kitu. Kizime. Ukiwa umefuata kila hatua na mashine haiamki, anza kutazama hapo kabla hujaita fundi. Ninajinyima kazi kwa kuwaambia hivi.

Wale wa Linux mna njia bora zaidi, kwa sababu hamlazimiki kuingia BIOS kabisa. Kuna amri inaitwa rtcwake. Andikeni, nitasema polepole:

sudo rtcwake -m off -t $(date +%s -d 'tomorrow 06:30')

Maana yake: zima mashine sasa hivi, na uiagize chipu iamke kesho 06:30. Hiyo 06:30 ni ya hapa nyumbani; programu yenyewe hufanya hesabu ya saa 3, kwa sababu inasoma kwanza kama chipu inatumia saa ya dunia au ya hapa. Ile sehemu ya katikati inageuza muda kuwa idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita ya usiku kwa saa ya dunia, ambayo kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Ijumaa badilisha neno tomorrow uweke monday. Ukiandika -m no badala ya -m off, alamu inawekwa lakini mashine haizimiki, na ukiandika -m disable alamu inafutwa.

Jambo moja: rtcwake ni ya mara moja. Ikishaamsha, agizo limekwisha. Kwa hiyo mimi hushauri amri hiyo iwekwe kwenye kitufe kimoja cha kubofya, na kitufe hicho kiwe ndiyo njia ya kuzima kila jioni. Karani anabofya, anaenda zake nyumbani. Asipobofya, kesho haiamki, na kosa linajulikana liko wapi.

Windows ni tofauti na nitapita haraka. Yenyewe inaweza kuamsha mashine iliyolala, haiwezi kuamsha iliyozimwa kabisa. Hiyo ni kazi ya BIOS. Kama unailaza tu, fungua Task Scheduler, tengeneza kazi, na uweke tiki kwenye «Wake the computer to run this task». Hakikisha pia mipangilio ya umeme inaruhusu «wake timers». Mjue kwamba Windows ikiamshwa bila mtu kugusa kibodi, kwa kawaida huilaza mashine tena baada ya dakika 2 kama haioni kazi. Basi mpe kazi ya kweli, kama kunakili mafaili ya siku kwenye diski ya nje.

Kuna kosa la kupanga ambalo vituo vyenye mashine nyingi huliingia: zote kuamka dakika moja. Mashine kumi zikianza kuvuta masasisho kwa laini moja ya intaneti, zote zinakwama pamoja, na saa mbili ikifika hakuna iliyo tayari. Ziachanishe dakika kumi kumi. Ya mapokezi iwe ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayotazamana na foleni.

Stima ikipotea usiku? Tunaishi jirani na mvuke wa Eburu na Olkaria na bado stima hutupotea. Mnakumbuka usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, ilipozimika karibu nchi nzima. Agizo la alamu halifutiki, kwa sababu betri ya sarafu inalitunza. Stima ikirudi kabla ya saa uliyoweka, mashine nyingi zitaamka kama kawaida. Baadhi ya bodi, lakini, hukataa kuamka kwa alamu hadi ziwashwe kwanza kwa kitufe baada ya umeme kukatika. Ijaribu yako: zima, chomoa, hesabu hadi sitini, chomeka, subiri.

Na kwa mwenye nyumba anayesisitiza soketi zizimwe usiku, kuna njia ya pembeni. BIOS ina kipengele cha nini kifanyike umeme ukirudi, na unaweza kuchagua mashine iwake yenyewe. Ukiiunganisha na swichi ya soketi yenye saa, ile ya kuzungusha kwa mkono, soketi ikifunguka asubuhi mashine inawaka. Siipendi sana. Stima ikikatika na kurudi saa nane mchana mara tatu, mashine nayo inawashwa mara tatu, na diski za zamani haziwezi mchezo huo kwa muda mrefu.

Sasa ile betri. Ikichoka, mashine inasahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma. Dalili yake ya kwanza kwa mwananchi si saa mbovu, ni tovuti kukataa kufunguka. Kila tovuti salama, eCitizen ikiwemo, huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba ni mwaka 2009 inaona cheti hicho bado hakijaanza kutumika, inatoa onyo la kutisha, na mteja anaambiwa mtandao uko chini. Mtandao hauko chini. Badilisha betri, weka tarehe, endelea na kazi. Lakini ile kuukuu usiitupe ovyo wala kuiacha mezani. Mtoto akimeza betri ya sarafu inaweza kumuunguza koo kwa ndani katika muda wa saa chache tu, hata ikiwa imechoka. Mtoto akimeza, ni hospitali mara moja, msisubiri kuona kama itatoka.

La mwisho kabla ya maswali ni kwa nyinyi mnaoshika kumbukumbu za watu: zahanati, shule, ofisi za umma. Mashine inayoamka chumbani hakuna mtu lazima iamke ikiwa imefungwa kwa nywila. Najua kuna waliotoa nywila ili iende moja kwa moja hadi kwenye programu. Fundi wa maji akiingia saa moja asubuhi, atakuta majina ya wagonjwa yamewaka skrini nzima. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nayo haiulizi kama mashine ilijiwasha yenyewe.

Haya, maswali.

Ndiyo, kaka mwenye saiba. Anauliza kama laptopu nazo zinaweza. Zilizolala, nyingi zinaweza. Zilizozimwa kabisa, baadhi zinaweza na baadhi haziwezi, inategemea bodi, na nyingine zinataka ziwe kwenye chaja. Ila usiiwekee laptopu alamu halafu ukaitia kwenye begi. Itaamka humo ndani, ipate joto na haina pa kupumua.

Mama wa kikundi pale nyuma anasema wao hawana kompyuta, wana simu ya kikundi wanayoandikia michango, na usiku inamaliza chaji. Mama, asante. Simu kadhaa za Android zina mpangilio wa kujizima na kujiwasha kwa saa maalumu. Fungua mipangilio, kwenye sehemu ya kutafuta andika «scheduled power». Ikitokea, weka ijizime saa nne usiku na ijiwashe saa kumi na mbili asubuhi, yaani 22:00 na 06:00. Isipotokea, simu hiyo haina. Njoo baada ya kikao tuitazame pamoja.

Kijana ananiuliza kuhusu Raspberry Pi, zile kompyuta ndogo kama pakiti ya sigara. Za zamani hazikuwa na saa ya betri hata kidogo. Toleo la 5, lililotoka mwaka 2023, linayo ndani na linaweza kuamka kwa alamu, lakini betri yake unainunua kando.

Mwalimu, wewe wa mwisho. Anauliza: shule zikifungwa, anaweza kuiagiza mashine leo iamke siku ya kufungua, wiki kadhaa zijazo? Inategemea chipu. Alamu ya ile ya mwaka 1984 ilijua saa, dakika na sekunde tu, haikujua tarehe, kwa hiyo haingeweza kuahidiwa zaidi ya siku moja. Za baadaye ziliongezewa siku ya mwezi, na nyingine mwezi pia. Kwa hiyo mashine moja itakubali kesho tu, nyingine hadi kama mwezi mmoja, nyingine mwaka. Ukitumia rtcwake na umeomba mbali kuliko inavyoweza, itakuandikia kosa hapo hapo. Kwa likizo ya mwezi mzima, mwalimu, mimi nisingehangaika. Zichomoe zote, funika kwa kitambaa vumbi lisiingie, na siku ya kufungua uje na funguo mapema.